Tulivyopwelewa Luchelele

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuzaliwa Pangani. Mtu wa Pangani akipangiwa kazi Mwanza, wenyeji humchukulia kuwa alizaliwa na kasia mkononi, wala hawamuulizi. Mimi sikuulizwa, nami sikukanusha. Ukweli ni kwamba bibi aliyenilea alikuwa na duka dogo karibu na kivuko, na aliniwekea mpaka ambao sikuthubutu kuuvuka: niliruhusiwa kwenda ufukweni kununua samaki, kumfunua mashavu nione kama bado ni mwekundu, na kumbishania bei mpaka mvuvi achoke, lakini ole wangu nirudi nyumbani na magoti yaliyolowa. Nilikua nikiwajua samaki wote kwa majina na kwa mapishi, na vyombo vyote kwa sura, kuanzia ngalawa hadi jahazi, huku nikiwa sijawahi kukaa ndani ya chombo chochote kisichokuwa na konda wa kukata tiketi.

Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari jijini Mwanza. Kwa miaka mitatu nilistarehe katika heshima hiyo ya bure. Ikiletwa sahani ya sato chumba cha walimu, nilikuwa nikitikisa kichwa na kusema kwamba samaki wa maji baridi ni mzuri, ila amezaliwa bila chumvi. Yakizungumzwa mawimbi, nilitabasamu kama mtu aliyeona makubwa zaidi. Wenzangu wengi, wakiwa Wasukuma, Wakerewe na Wajita waliolelewa na ziwa lenyewe, walinivumilia tu. Aliyeniamini kwa moyo wote alikuwa mmoja, mwalimu wa Jiografia, mzaliwa wa Kongwa, ambaye kabla ya kuhamishiwa Mwanza maji mengi kuliko yote aliyopata kuyaona mahali pamoja yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Huyu aliniita Nahodha. Ijumaa moja, mbele ya mkuu wa shule na walimu kumi na moja, akaniuliza kwa sauti ya juu ni lini nitampeleka kuvua. Nikajibu kwamba hata kesho, kwa kuwa niliamini kesho hatapata mtumbwi.

Akaupata. Kumbe mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, maana dagaa huvutwa kwa taa gizani, na kukiwa na mbalamwezi taa haina la kumwambia dagaa. Mzee mmoja wa Luchelele, mwenye vyombo vyake vya dagaa vilivyokuwa vimelala mchangani, alikuwa pia na mtumbwi mdogo wa mbao ambao alikuwa tayari kuukodisha. Tulipofika kwake alfajiri ya Jumamosi alituuliza kama tunalijua ziwa. Mwenzangu akamjibu kwa niaba yangu kwamba mimi nimetoka baharini. Mzee akanitazama usoni, akaitazama mikono yangu, ambayo haikuwa na sugu yoyote isipokuwa vumbi la chaki kwenye kucha, kisha akaomba alipwe kabla hatujaondoka.

Matayarisho yangu yalikuwa ya kisheria zaidi kuliko ya kiuvuvi. Nilikuwa nimesikia kwamba hairuhusiwi kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, wala sato aliye chini ya sentimita 25, nami sikutaka jina la Pangani lichafuke kwa kosa la vipimo. Nikamwomba mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, aniazime tepu yake. Aliniuliza kama tepu ya sentimita 150 itatosha. Nikamwambia kwamba wasiwasi wangu ulikuwa huo huo. Zaidi ya tepu tulikuwa na mishipi miwili, ndoana sita, minyoo katika kopo la maziwa, chapati, chupa ya chai na majaketi okozi mawili tuliyoyaazima, moja likiwa la mtu mzima na jingine likiwa la mtoto. Mwenzangu, ambaye hajui kuogelea na ambaye uzito wake anaujua yeye na mizani ya hospitali, alipewa lile la mtu mzima. Mimi lile la mtoto nililivaa kama kizibao.

Kuhusu kuondoka kwetu sina mengi ya kusema, kwa sababu kwa muda wa nusu saa ya kwanza hatukuondoka. Yeye alipiga kasia kulia kwa nguvu za mtu wa Kongwa, mimi nikapiga kushoto kwa nguvu za mwalimu wa Kiswahili, na mtumbwi ukawa unazunguka pale pale kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Nikamweleza kwamba vyombo vya kwetu vina mbao za ubavuni za kuvituliza, na kwamba huu umeumbwa vibaya. Hatimaye upepo wa asubuhi, ule utokao nchi kavu kwenda majini, ukatuhurumia na kutusukuma, nami nikaweka kasia chini na kusema kwamba baharia hodari huutumia upepo.

Upepo ulitupeleka moja kwa moja kwenye miamba. Anayeijua Mwanza anajua kwamba mji ule umepandwa juu ya mawe, na kwamba mawe hayo hayakukoma ufukweni, bali yameendelea na safari yake ndani ya ziwa, mengine yakichungulia juu ya maji na mengine yakijificha chini kidogo yakimsubiri mgeni. Tulikuwa kama mita 200 kutoka nchi kavu, saa mbili asubuhi, tuliposikia chini yetu sauti ya kukwaruza, ndefu, ya kuumiza meno. Mtumbwi ukasimama. Ulikuwa umekaa juu ya mwamba mpana uliozama kidogo tu, na ulitulia hapo kama kuku juu ya mayai.

Mwenzangu akageuka kunitazama. Uso wake haukuwa na hofu hata chembe, na hilo ndilo lililoniponza, kwani macho yale yalikuwa yakingoja neno kutoka kwa mtaalamu. Nikalitafuta neno, nikalipata, na kwa bahati mbaya lilikuwa neno zuri sana.

“Tumepwelewa,” nikasema.

Nikamfafanulia kwamba kupwelewa ni jambo la kila siku. Maji yamekupwa, chombo kimekalia mwamba, na baharia mwenye akili hahangaiki wala hasukumi, bali hukaa akanywa chai yake mpaka maji yatakapojaa na chombo kielee chenyewe. Yote hayo ni kweli tupu, Pangani. Na laiti mwenzangu angekuwa mwalimu wa somo jingine lolote, pengine angeuliza swali. Lakini huyu alikuwa akifundisha kujaa na kupwa kwa maji kila mwaka, ubaoni, kwa chaki za rangi, akichora jua, dunia na mwezi katika mstari mmoja, na sasa kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amekalia mada yenyewe. Alifurahi kupita kiasi. Akanikumbusha kwamba mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo siku hiyo ilikuwa ya bamvua, na maji yangepanda kuliko kawaida. Nikakumbuka kwamba kwetu siku za bamvua maji hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na kwamba tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Tukatazamana kwa heshima. Elimu ya darasani na uzoefu wa pwani vilikuwa vimekubaliana neno kwa neno, na kwa muda wa saa tano zilizofuata hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba hatukuwa baharini.

Ushahidi nao ulijitokeza. Mwamba mkubwa uliokuwa kando yetu ulikuwa na doa jeupe lililoanzia juu na kukomea kama mita moja na nusu kutoka majini. Nikamwonyesha, nikamwambia kwamba pale ndipo maji yanapofika yakijaa, na weupe ule ni alama yake. Akachukua simu akaupiga picha kwa ajili ya kidato cha pili.

Wakati tukisubiri, tulivua. Samaki wa kwanza alikuwa furu. Nikatoa tepu, nikampima kwa uangalifu: sentimita 7. Nikasema anafanana na changu mchanga, tukamrudisha. Wa pili alimvutia mwenzangu, akampokea kwa kiganja kizima, kwa furaha, kabla sijafumbua kinywa, ingawa sina hakika ningesema nini. Alikuwa gogogo. Gogogo ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, ambayo akitishwa huisimamisha na kuikaza isilale tena, na zaidi ya hapo hutoa sauti ya mkwaruzo. Mwenzangu hakulijua lolote kati ya hayo. Alichokijua ni kwamba samaki amemchoma na sasa anamlalamikia. Wote wawili walipiga kelele kwa pamoja, kila mmoja akitaka kuachiliwa na mwenzake, na nilipofanikiwa kuwatenganisha nilikuwa nimechomwa mara mbili na chupa ya chai ilikuwa imemwagika yote.

Saa nne ikafika, na maji hayakuwa yamekauka. Tukalitafsiri jambo hili kuwa la heri. Saa sita ikafika, na kwa kuwa huo ndio wakati ambao maji yalipaswa kuwa yanarudi kwa kasi, nikaining'iniza tepu ya mke wangu kwenye mwamba, nikaibana kwa jiwe, tukaanza kusoma. Sentimita 41. Baada ya robo saa, sentimita 42. Tukapeana mikono. Kisha likapita wimbi dogo na ikawa 40, halafu 43, halafu 41 tena, na mwenzangu akawa anayaandika yote kwenye simu katika safu mbili. Jua lilikuwa limetusimamia utosini. Shingo yangu, ambayo lile jaketi la mtoto halikuifikia, ilikuwa ikiungua. Ndipo mwenzangu alipopata nadharia. Ziwa Victoria, akasema, liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Huenda basi maji huchelewa kujaa huku kwa sababu ya mwinuko. Nikaifikiria hoja hiyo kwa makini, nami naona aibu kuandika kwamba niliikubali.

Mnamo saa saba ukatokea mtumbwi mdogo kuliko wetu, ukiwa umebeba mama mmoja na vyavu vyake, na nyuma akiwa kijana anayepiga kasia. Kijana yule nilimtambua, naye akanitambua: alikuwa mwanafunzi wetu wa kidato cha pili. Nikaketi wima.

“Mwadila,” akatusalimu yule mama. Tukaitikia. Akasema kwamba tangu asubuhi watu wa ufukweni wamekuwa wakituona tumekaa mahali pamoja bila kusogea, wengine wamedhani ni wapima ramani kwa sababu ya ile tepu, naye ameona aje aulize kama tuna shida.

“Hatuna shida, mama,” nikamjibu. “Tunasubiri maji yajae.”

Akanyamaza kidogo. “Yajae kutoka wapi, mwalimu?”

Swali lile sikuwa nimejiuliza. Nikamtazama mwalimu wa Jiografia, naye nikamwona akibadilika rangi taratibu, kuanzia masikioni, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko likiwaka.

“Ziwa hili hujaa kwa mvua,” mama akaendelea kwa upole mkubwa. “Mwaka 2020 lilijaa, na 2024 likajaa tena mpaka likaingia kwenye nyumba za watu. Mkitaka kusubiri, mnaweza kusubiri mpaka masika.”

Nikajaribu kujitetea kwa ile alama nyeupe. Hakunijibu yeye. Alinijibu kijana, kwa adabu zote, akiwa ameinamisha kichwa: “Mwalimu, hayo ni mavi ya minandi.” Na kweli, juu kabisa ya mwamba walikuwapo minandi watatu waliokuwa wameanika mabawa yao, ambao walikuwa wakituangalia tangu saa mbili.

Nikauliza basi tufanyeje. Mama akasema: “Shukeni.”

Mwenzangu akauliza kuhusu mamba. Mama akamwambia kwamba mamba wangekuwapo wangekuwa wameshachoka kutusubiri. Tukashuka. Maji yalitufika chini kidogo ya magoti, na nilimkumbuka marehemu bibi yangu. Mara tu mwalimu wa Jiografia alipotoa mguu wake wa pili, mtumbwi ulipanda juu kama mtu aliyetuliwa gunia, ukaelea, ukaanza kwenda zake. Kijana akaudaka kwa kasia. Hakuna aliyesukuma chochote. Kwa saa tano nzima kitu kilichoukalisha ule mtumbwi mwambani kilikuwa ni sisi.

Tulipokuwa tukikokotwa kwenda ufukweni, kamba ya mtumbwi wetu ikiwa imefungwa kwenye mtumbwi wa yule mama, nilimnong'oneza mwenzangu kwamba kwa haki kabisa maji ya chumvi hubeba chombo zaidi kuliko maji baridi. Lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 1,025 ilhali ya maji baridi ni kama 1,000, na kwamba baharini pengine tusingekwama. Alinitazama kwa muda mrefu. Tangu siku ile hajaniita Nahodha.

Tulimwambia mama wabeja sana, akakataa fedha, akatupa sato wawili. Nyumbani mke wangu aliwapima kwa tepu yake iliyolowa, akasema ni wakubwa wa kutosha, na hakuuliza zaidi, jambo ambalo kwa jinsi ninavyomfahamu lilimaanisha kwamba habari zilikuwa zimeshafika.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mwalimu wa zamu. Kengele ilikuwa imelia, kidato cha kwanza, cha tatu na cha nne walikuwa wamekwisha kujipanga mstarini, lakini mahali pa kidato cha pili palikuwa patupu. Walijitokeza dakika kumi baadaye, wakitembea polepole, wote kwa pamoja, nyuso zao zikiwa na unyenyekevu ambao sijauona kwao kabla wala baada ya siku hiyo. Nikawauliza kwa ukali, mbele ya shule nzima, kwa nini wamechelewa. Kiranja akasogea hatua moja mbele, akaweka mikono nyuma, akasema walikuwa wanasubiri maji yajae.