Mzee wetu wa kumbakumba

Nimesoma habari ya kifo cha mzee huyu, mpiganaji wa Vita vya Kagera na dereva mstaafu wa mabasi ya Dar es Salaam, machozi yakanitoka. Alikuwa jirani yetu. Nilimjua kwanza akiendesha Ikarus, yale mabasi marefu yenye kiungo katikati tuliyoyaita kumbakumba. Wanafunzi tulikuwa tumezoea kuachwa kituoni, lakini yeye alisimama hata basi likiwa limeshona, akapaza sauti: "Sogeeni nyuma jamani, watoto wanachelewa shule!"

Vita hakuvisimulia. Tulijua tu kwamba alivuka Mto Kagera baada ya daraja la Kyaka kulipuliwa, na kwamba alikuwemo Kampala ilipotekwa Aprili 1979. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, alivaa nishani zake akakaa barazani kimya mpaka jua linazama. Mama alimpelekea chai, akaiweka, akaondoka bila kumsemesha. Nadhani alikuwa na wenzake siku hiyo, wale ambao hawakurudi.

Shikamoo Babu, kwa mara ya mwisho. Bibi na watoto, poleni sana. Kesho nakuja msibani.