Nauli Ninayo, Mjomba

Jumamosi iliyopita niliweka kwenye kundi letu la familia picha ya baiskeli yangu ikiwa imeegemea ukuta mwekundu wa Changling, kaburi la Yongle, mfalme wa China, moja ya makaburi ya wafalme wa ukoo wa Ming kaskazini mwa Beijing. Dakika tano hazikupita, mjomba akaandika: "Mpwa wangu, nauli imekuishia? Sema tukuchangie." Wengine wakafuatia na vicheko. Neno lile limenikaa rohoni wiki nzima.

Mjomba, shikamoo. Nauli ninayo. Mabasi yapo, na treni inafika karibu na makaburi yale. Nilitoka Haidian, wilaya ya Beijing, saa kumi na mbili asubuhi kwa baiskeli kwa sababu nilitaka, kilomita 40 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Kinachoniuma ni kwamba babu, baba yako wewe mjomba, alikuwa na baiskeli ya Phoenix kule Shinyanga. Kila jioni aliifuta kwa kitambaa. Ilibeba pamba, ilibeba wagonjwa, ilikubeba wewe na sanduku lako la shule. Phoenix ile ilitengenezwa Shanghai. Ni lini kitu kilichotulea kikageuka kuwa aibu?

Mnaoishi huku mnajua ninachotaka kusema: siri ni njia. Mwaka 2019 Beijing ilifungua barabara ya baiskeli pekee kati ya vitongoji vya Huilongguan na Shangdi, kilomita 6.5, sehemu kubwa ikiwa imeinuliwa juu kama daraja. Gari haliingii, pikipiki haiingii, hata skuta ya umeme hairuhusiwi. Katikati kuna njia inayobadilishwa mwelekeo asubuhi na jioni, kufuata wafanyakazi wanakoelekea. Nilipita pale jua linachomoza, mbele yangu mama mwenye umri wa mama yangu akikanyaga taratibu, mfuko wa mboga kwenye kikapu. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Hakuwa na sababu ya kugeuka. Mimi nimeendesha Barabara ya Bagamoyo, nikipitwa na malori ambayo ningenyoosha mkono ningeyagusa, na najua akiumia mtu pale ataulizwa kwanza baiskeli alikuwa anaipeleka wapi. Shingo ya yule mama iliyotulia ndiyo ninayoitaka kwetu. Mtu anapotengewa njia, ameambiwa kwamba uhai wake umehesabiwa.

Haya, nakubali, si kote kuko hivyo. Kuna magari yanayoegeshwa palepale pa baiskeli, na vijana wanaopeleka chakula kwa skuta wanakuja upande usio wao. Ukishaupita mji wa Changping unabaki na mstari wa rangi tu pembeni mwa lami. Na upepo wa kaskazini hauna huruma. Lakini bado nilifika, na nilifika nikiwa nimeuona mji ukiisha kidogo kidogo: maghorofa, magereji, bustani za matofaa, kisha milima imesimama mbele yako ghafla. Wa basi hakuiona hiyo.

Kwenye Njia ya Roho, kabla ya makaburi, kuna wanyama 24 wa mawe: simba, ngamia, tembo, farasi. Nilikaa sana mbele ya qilin, mnyama wa hadithi mwenye magamba. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea Yongle twiga, na watu wa kasri wakasema huyu ndiye qilin. Fikiria safari ile, mnyama wa pwani yetu, shingo yote ile, ndani ya jahazi kuvuka bahari. Na mfalme aliyempokea amelala kilomita chache juu ya barabara hiyohiyo. Nilikuwa nimesoma habari hii darasani, lakini pale, miguu ikitetemeka na jasho limenikauka usoni, nilielewa kwa mara ya kwanza maana ya kutoka mbali.

Nilinunua matofaa mawili barabarani. Muuzaji, mzee, hakuuliza kama nina nauli. Alibonyeza tairi langu la nyuma kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akaingia ndani akatoka na pampu.