Kilo 468 Zilizouawa na Neno Moja

Barua ya Kiingereza iliyoniponza niliiandika saa 11 alfajiri, nimekalia kreti tupu pale mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, vidole vinanuka sangara, simu imebaki na chaji asilimia 9. Nayataja haya msije mkasema sijui Kiingereza. Nakijua. Ofisi yetu ni ya watu watatu, na mimi ndiye ninayeitwa "mwalimu". Bosi wetu ni mama wa makamo ambaye Kiswahili na Kisukuma vinamtosha kabisa, hivyo kila barua ya kizungu inapita kwangu.

Usiku huo mtumbwi wetu wa kukusanya samaki ulitoka Ukerewe na kilo 480 za sangara. Katikati ya ziwa mashine ikazima. Petroli ilikuwa imeingia maji. Vijana wakafungua plagi wakaikausha, wakamwaga mafuta machafu, wakavuta kamba ya kuwashia mpaka mabega yakafa ganzi. Saa tatu zikayeyuka pamoja na barafu. Kwa joto la huku, kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu, na wao kwa kubana matumizi walikuwa wamepakia nusu yake. Ila Mungu si Athumani. Tulipofungua boksi tukakuta waliolegea ni kilo 12 tu. Waliobaki mashavu yao mekundu, macho yanang'aa kama wanakudai.

Kiwanda kinachotununulia kina meneja mgeni, na sharti lake ni kwamba mzigo ukichelewa, maelezo ya Kiingereza yatangulie ndipo atume gari. Mama akaniambia, "Mwandikie kwamba nusura tupoteze samaki wote, ila Mungu kasaidia."

Nikaandika: "We lost almost all the fish. Thank God."

Unayekijua Kiingereza umeshashika kichwa. Na hiyo "Thank God" ya mwisho sijui aliielewaje.

Kilichoniponza ni kwamba vidole vilikuwa vinaandika Kiingereza huku kichwa kinakwenda Kiswahili. Sisi tunataja kitendo kwanza, namna kilivyofanyika inafuata: aliondoka mapema, walivua sana, tulichelewa tena. Kwa hiyo "lost" ikatangulia, "almost" ikafuata, nikatuma. Kumbe "almost" hushika neno linaloifuata. Ikikaa kabla ya "lost", kilichokaribia ni kule kupoteza, maana yake hatukupoteza: "We almost lost all the fish." Ikisogea ikakaa kabla ya "all", kupoteza kumeshatokea, kilichokaribia ni ule "wote". Yaani neno limeruka hatua moja tu, na kilo 468 zimeoza.

Na linaloniuma zaidi, Mama alikuwa ameshanipa jibu. Kama samaki wangekuwa wameharibika kweli, angesema "tumepoteza karibu samaki wote". Yeye alisema "nusura tupoteze", na nusura haikubali kukaa kwingine ila mbele ya kitendo. Hicho ndicho kipimo ninachotumia siku hizi. Nikiwaza nusura, au ile "kidogo tupoteze" ya mtaani, "almost" naiweka mbele ya kitendo. Nikiwaza karibu wote, karibu nusu, karibu kilo 100, naiweka mbele ya hicho kiasi. Ni kazi ya sekunde tano, na chaji ya asilimia 9 ilitosha.

Saa 2 asubuhi, badala ya gari la barafu, ikaja bodaboda. Nyuma kafunga kreti moja kwa mpira.

"Kaka, shikamoo. Nimetumwa samaki waliosalia."

"Marahaba. Waliosalia wapi?"

"Si kwenye ajali? Meneja amesema poleni sana."

Nikamfunulia boksi. Akachungulia, akazunguka upande wa pili, akachungulia tena.

"Hawa wote ndio waliosalia?" akauliza kwa sauti ya msibani. "Sasa waliokufa walikuwa wangapi?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mwalimu," akasema taratibu, na mkimsikia anasema taratibu mjue kimenuka, "umemwandikia nini huyo mtu?"

Tukapiga simu kiwandani. Gari lilikuwa limeshaelekezwa Musoma, kurudi ni alasiri. Ikabidi tununue barafu nyingine kilo 300, na fedha yake ikakatwa kwenye mshahara wangu. Bodaboda naye alipakia kreti yake, akaondoka anatikisa kichwa.

Jioni nikaambiwa niandike barua ya kuomba radhi. Safari hii niliapa kwamba kila kielezi kitakaa mbele ya kitendo, kipende kisipende. Na mwanzo nilipatia. "The engine suddenly stopped." Safi. "The boys quickly covered the fish." Hapo wengi wetu tungeandika "covered quickly the fish", kwa kuwa "walifunika haraka samaki" haitukwaruzi sikio. Kiingereza hakitaki mtu akae katikati ya kitendo na samaki wake. "Quickly" itangulie kitendo au ingoje mwisho kabisa. Nikakumbuka pia kwamba "was" na "were" wao hutangulizwa, nikaandika "We were always on time". Kwenye "did not" ndipo nusura niangamie. Nilikuwa nimeshaandika "We deliberately did not tell you the truth", yaani tulikusudia kuwaficha ukweli. Nikahamisha neno likakaa baada ya "did not", nikaifanya "We did not deliberately mislead you", hatukuwapotosha kwa makusudi. Nikajipongeza kwa soda.

Soda hiyo ndiyo iliyonilevya. Kwa kufungia, nilitaka meneja ajue nilivyohangaika usiku kucha kwa bidii. Bidii ni "hard", nikaiongezea mkia wa "-ly" ili ifanane na wenzake, nikaitanguliza mbele ya kitendo kama nilivyoapa: "I hardly worked that night."

"Hard" ya bidii haina mkia, na hukaa nyuma ya kitendo: "I worked hard". Ukiipa mkia na kuitanguliza, umesema usiku ule hukufanya kazi ya maana.

Jibu likaja kesho yake asubuhi, mstari mmoja. Mama akataka nimsomee kwa Kiswahili.

"Anasema anashukuru sana kwa ukweli wangu."

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi. "Umeona? Ukiandika vizuri watu wanakuheshimu." Akafungua pochi, akanirudishia nusu ya hela ya barafu.

Nikapokea kwa mikono miwili.