Nipe Nikuwekee

Jumamosi iliyopita, katika duka moja kubwa hapa Leipzig, Ujerumani, nilijikuta kwenye foleni ya mashine ya kurudishia chupa, nyuma ya mtoto wa jirani yangu ambaye hajatimiza hata miaka minne. Mama yake alimwinua ili afikie tundu, naye akawa anaingiza chupa moja moja, kitako kikitangulia, huku akihesabu kwa sauti na kuiruka namba tatu bila wasiwasi wowote. Kwa utaratibu ulioanza hapa mwaka 2003, mnunuzi wa soda au maji hulipa senti 25 za ziada kwa chupa ya plastiki ya aina ile, kisha hurudishiwa anapoileta ikiwa tupu. Chupa zilikuwa tano. Mtoto akabonyeza kitufe cha kijani, akachukua risiti, akaipeleka mwenyewe kwa keshia, na keshia akainama na kumwekea kiganjani euro moja na senti 25. Mimi nikawa nasubiri mama anyooshe mkono na kusema yale maneno. Hakunyoosha, wala hakusema.

Maneno yenyewe mnayajua. Kwetu Tanga, siku ya Idi tulizunguka nyumba hadi nyumba tukiwa na nguo zinazonukia dukani, tukapokea mkono wa Idi kwa shangazi, kwa babu, kwa jirani ambaye mwaka mzima alikuwa akitufukuza kwenye mwembe wake, na ilipofika alasiri mifuko ilikuwa inalia. Hapo ndipo mama alipoita kwa sauti laini kuliko kawaida: “Nipe nikuwekee.” Nimewekewa tangu nikiwa na miaka mitatu. Sijui ni nani kati yenu aliyewahi kurudishiwa, na kama yupo, namwomba ajitokeze tumwone.

Najua tayari kuna mtu anayesema kwamba fulani amekaa Ulaya miaka michache, sasa anamkosoa mama yake mzazi mbele ya watu. Tafadhali nisikilizeni kwanza. Katika suala la kumfunza mtoto kazi, kwetu tuko mbele, na nawaambia hivyo Wajerumani bila kuombwa. Mtoto wa miaka mitatu kwetu hukaa kando ya ungo akichambua mchele, na chuya anaitambua kabla hajaweza kuitamka. Mama yangu alikuwa akiuza vitumbua, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuvipanga vitano vitano kwenye sinia. Hesabu niliijulia hapo, kwa vidole vyenye mafuta, miaka kadhaa kabla ya kuona ubao. Baadaye kidogo nikawa natumwa dukani kwa Mangi nikiwa nimeifumbata sarafu ya shilingi 100 yenye picha ya Mwalimu, na sharti kwamba chenji ihesabiwe palepale kaunta. Hapa nimeshuhudia mtoto wa miaka sita akipigiwa makofi na ukoo mzima kwa kupeleka sahani yake jikoni. Nilipiga na mimi, kwa adabu ya mgeni.

Kosa langu lilikuwa kutaka kuwapita wenyeji. Binti yangu alipofikisha miaka mitatu na nusu, nilianza kumlipa senti kumi kwa kila jozi ya soksi aliyoilinganisha, nikidhani ndivyo wanavyofanya wenzetu. Haikupita wiki tatu. Tulikuwa tukizungumza na bibi yake kwa simu ya video, nikamwambia mtoto aniletee miwani yangu, naye akauliza, kwa Kiswahili safi nilichomfundisha mwenyewe: “Utanipa shilingi ngapi?” Mama yangu alicheka hadi kanga ikamdondoka kichwani, kisha akanyamaza, akasema: “Mwambie alipwe, lakini na mimi nianze kukudai maziwa.”

Nilifedheheka, nikaenda kusoma. Kumbe sheria ya kiraia ya Ujerumani, kifungu cha 1619, inamtaka mtoto anayeishi na kulelewa na wazazi wake awasaidie katika kazi za nyumbani na za biashara yao kwa kadiri ya nguvu zake. Ni kama imeandikwa na bibi wa Pangani! Pesa ya mtoto ni jambo jingine: Deutsches Jugendinstitut, taasisi ya utafiti iliyoko München, hupendekeza senti 50 hadi euro moja kwa wiki kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, na wataalamu wa hapa husisitiza kwamba posho hiyo isigeuzwe kuwa ujira wala adhabu. Soksi zikarudi kuwa soksi. Binti yangu sasa hupata senti 50 kila Ijumaa, na chupa anazozibeba mwenyewe hadi dukani ni zake.

Mtasema mtoto mdogo akiachiwa pesa atanunua ubuyu tu. Anunue. Idi Mosi akimaliza zote, Idi Pili atakaa barazani akiwatazama wenzake wakila, na hakuna semina itakayomfundisha zaidi ya hapo. Mtasema pia kwamba Ulaya kuna cha kuweka na kwetu hakuna, na hapo nawapa haki yenu. Nilipomuuliza mama zilikwenda wapi zile pesa zangu, alinijibu bila kukasirika: “Madaftari yako ulidhani yalitoka wapi?” Sikuwa na jibu. Ila nilijiuliza kwa nini hakuniambia wakati ule, maana ningetembea Tanga nzima nikijivuna kwamba nimejinunulia madaftari kwa mkono wa Idi. Mtoto aliyeaminiwa na chenji ya nyumba nzima angeweza kuaminiwa na habari hiyo pia. Badala yake nilijifunza kuificha sarafu moja ndani ya soksi kabla ya kuingia mlangoni, na hadi leo, nikiwa mtu mzima mwenye mshahara, pesa iliyo benki naihesabu kama iliyokwisha kupotea.

Juzi tulikwenda tena dukani. Matoroli ya hapa hufungwa kwa mnyororo hadi utumbukize sarafu ya euro, na mimi sikuwa na sarafu. Binti yangu alikuwa na kipochi chake. “Nipe,” nikamwambia, “nikuwekee hapa kwenye toroli.” Nilipojisikia, nilishtuka, nikageuka nyuma kana kwamba mama yangu ndiye aliyesema. Mtoto alinipa, kisha akaishika fito ya toroli kwa mikono miwili na hakuiachia, kwenye maziwa, kwenye mkate, kwenye foleni nzima ya keshia, mpaka tuliporudi nje na sarafu yake ikatoka.