Vimbunga pwani ya Tanzania: je, tahadhari imezidi?

Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilipotangaza kwamba Kimbunga Hidaya kinakuja, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama na wavuvi wakatakiwa wasitoke. Wengi waliguna. Mwaka 2019 waliambiwa Kenneth kinakuja. Mtwara ikafunga shule na ofisi, kimbunga kikapiga Cabo Delgado, Msumbiji. Aprili 2021, Jobo nacho kikaishiwa nguvu kikikaribia pwani.

Wanaoguna wana hoja. Upepo hujiviringa kuwa kimbunga kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta msaada huo ni hafifu. Vingi vinavyotoka mashariki huishia Madagaska. Ndiyo maana vilivyotupiga sawasawa vinahesabika: Unguja 1872, Lindi 1952, Mafia 2024. Mvuvi anajua babu yake pengine hakuona hata kimoja. Ukimzuia bure mara mbili, ya tatu atatweka tanga.

Lakini idadi peke yake inapotosha. Kile cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, kikaziangamiza meli za Sultani Barghash bandarini. Mkarafuu ukipandwa leo hauzai mwakani. Ni kungoja miaka. Pemba, iliyonusurika, ikaipiku Unguja kwa karafuu na haijarudi nyuma tangu hapo. Dhoruba moja ilihamisha utajiri kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine.

Hata Hidaya, kilichofika Mafia 4 Mei kikiwa kinapungua, hakikuwa cha kubeza. Ardhi ilikwisha kushiba maji ya masika, na mvua iliyoongezeka ikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi kule Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi yakakwama na abiria wake. Sisi tulikuwa tunautazama upepo, hasara ikaja na maji.

Na Kenneth? Kati ya Mtwara na Cabo Delgado ni Mto Ruvuma tu. Kimbunga kingepinda kidogo kaskazini, tungezika sisi. Kule kiliua watu zaidi ya 40. Siwezi kuliita onyo lile uongo.

Kwa hiyo naegemea upande wa tahadhari, ila kuna dhuluma ndani yake ambayo hatuisemi. Ofisi ikifungwa kwa sababu ya kimbunga, mtumishi anapokea mshahara wake mwisho wa mwezi kama kawaida. Mvuvi aliyeitii amri ileile anarudi nyumbani mikono mitupu, na jioni watoto wanataka kula. Tunamtaka awe mtiifu kwa gharama yake mwenyewe, kisha tunamlaumu akikaidi. Serikali inapomzuia mtu kutafuta riziki kwa ajili ya usalama wake, fungu la maafa limfidie siku hizo, kimbunga kifike au kisifike.