Kwenda kumwona mzazi ukiwa na wako anayenyonya

Rafiki yangu alipojifungua kwa upasuaji, nilikwenda kumwona siku ya sita nyumbani kwake Magomeni, Dar es Salaam, nikiwa na doti ya kanga, hotpoti ya mtori na binti yangu wa miezi mitano mgongoni. Mama mkwe wake alinipokea mlangoni, akanipa pole ya jua, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Karibu sana, mwanangu, ila huyu mjukuu wangu abaki na mimi hapa sebuleni. Ndani kuna mtoto mchanga." Sikuuliza sababu. Nilimfungua binti yangu, nikamkabidhi, nikaingia chumbani, na kabla sijaketi yule wa ndani akalia na kanga yangu ikaloa maziwa kifuani.

Kama mama anayenyonyesha aende na mwanawe kumwona mzazi au asiende, ni swali linalojibiwa haraka mno. Wapo wanaosema ni mwiko, na wapo wanaosema hayo ni mambo ya kizamani, kwa kuwa mtoto hajapata kumdhuru mtoto mwenzake. Kwa maoni yangu, wa kwanza wana sababu nzuri kuliko wanazozitaja, na wa pili wana hoja nzito kuliko hiyo wanayoitoa.

Nianze na mwiko. Katika nyumba nyingi za pwani, na siku hizi hata za bara, mzazi hukaa ndani hadi arobaini, na wanaoruhusiwa kumshika mtoto huwa wachache. Juu ya hilo ipo imani ya kubemenda, yaani kwamba mtoto hudhoofika na kuchelewa kukua ikiwa wazazi wake wamevunja mwiko wa tendo la ndoa wakati wa kunyonyesha, na zipo nyumba ambazo shaka hiyo huwafikia hata wageni wanaombeba. Ipo pia hofu ya kijicho, ambayo huwafanya akina mama wengine wajifunike gubigubi wanaponyonyesha mbele za watu. Sioni njia ya kuitetea imani ya kubemenda, kwa sababu mara nyingi mtoto anayedhoofika ana njaa au ana ugonjwa unaotibika, na kumtafutia mkosaji kitandani humcheleweshea tu kufikishwa hospitali.

Arobaini yenyewe ni jambo jingine. Ukiifungua kadi ya kliniki utaona kwamba chanjo ya pentavalenti, ambayo ndani yake mna kinga ya kifaduro, huanza mtoto akiwa na wiki 6, yaani siku ya 42. Kabla ya hapo huwa amepata BCG ya kifua kikuu na matone ya polio, na hizo hazizuii kifaduro. Sisemi kwamba wazee walikuwa na kadi ya kliniki vichwani mwao, lakini ule uchujaji wa wageni waliouweka unaangukia katika siku ambazo mwili wa mtoto hauna silaha nyingi zaidi ya zile alizopewa na mama yake tumboni na anazopata kwenye maziwa. Homa ya mtoto wa wiki tatu si ya kusubiri hadi kesho. Ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo, hata kama chanzo chake ni mafua ya kawaida kwa aliyemwambukiza.

Na mgeni wa miezi mitano ni mwambukizaji hodari. Hafuniki mdomo anapokohoa, mikono yake imelowa udenda muda wote, na kila akionacho hukishika. Akiwa na kaka anayesoma chekechea, huleta pamoja naye kila kinachozunguka darasani huko, vikiwemo virusi vya RSV, ambavyo kwa mtu mzima ni mafua ya siku chache na kwa mtoto mchanga vinaweza kuwa shida ya kupumua. Hatari hiyo, tusisahau, huenda pande zote mbili. Chumba cha mzazi hupokea watu wengi kuliko chumba kingine chochote cha nyumba, na mtoto wa mgeni, ambaye chanjo yake ya kwanza ya surua ni hadi afikishe miezi tisa, anapitishwa katika mikono hiyohiyo.

Hadi hapo mtu angesema jibu limepatikana: nenda, ila mwache mtoto nyumbani. Ushauri huo ni rahisi kuutoa kwa asiyenyonyesha. Mtoto aliye chini ya miezi sita anapaswa kunyonya maziwa ya mama pekee, usiku na mchana, na kutoka Mbagala hadi Magomeni na kurudi, pamoja na foleni na nusu saa ya kukaa, ni muda wa kunyonya mara mbili au tatu. Mama anaweza kukamua na kuacha, ndiyo, lakini maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa saa 4 hivi katika joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar es Salaam ya mwezi Februari haiijui nyuzi 25, kwa hiyo inahitajika friji, umeme usiokatika, na mtu wa kumnywesha mtoto kwa kikombe. Kwa aliyeajiriwa, likizo ya uzazi nchini Tanzania ni siku 84. Marafiki wawili waliopishana miezi miwili kujifungua wanaweza wasipate nafasi nyingine ya kuonana mchana hadi watoto waote meno.

Halafu kuna kitu ambacho mgeni huyu huja nacho kuliko wageni wote wenye kanga na sabuni. Yeye bado anakumbuka. Anajua chuchu iliyopasuka inavyouma, anajua mtoto ashike sehemu kubwa ya titi, si ncha tu, na anajua kwamba dang'a ya siku za mwanzo huwa kidogo kwa sababu tumbo la mtoto lenyewe siku ya kwanza hutosheka na kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Bibi mwenye watoto saba ana hekima nyingi, lakini mara nyingi ndiye anayesema dang'a ni maziwa machafu yakamuliwe yamwagwe, na mtoto apewe maji ya glukosi.

Basi nirudi chumbani Magomeni, kwenye kanga yangu iliyoloa. Rafiki yangu aliitazama, kisha akageukia ukutani, akasema: "Wewe hata kwa mtoto asiye wako yanatoka." Maziwa yake yalikuwa yamechelewa kushuka, jambo la kawaida kwa aliyepasuliwa. Mimi nilikuwa sijafanya lolote. Kilio cha mtoto, awe wa nani, kinaweza kuamsha homoni ya oksitosini, na maziwa yakatoka bila mwenyewe kutaka. Homoni hiyohiyo huzuiwa na maumivu, aibu na wasiwasi. Kwa hiyo wanaosema kwamba mgeni anayenyonyesha "huchukua" maziwa ya mzazi wanakosea, maana maziwa ya mtu hayahami, lakini hawakosei wanapoona kwamba baada ya ugeni wa namna hiyo mzazi anaweza kukaa na mtoto titini maziwa yasitoke. Mgeni hakuiba kitu ila alilinganishwa. Hili silisikii likisemwa na upande wowote, nami naliona zito kuliko mafua, kwa kuwa mafua unaweza kuyachunguza kabla hujatoka nyumbani.

Yule mama mkwe naye akaingia, akamwona mjukuu bado analia, akaniambia, "Mnyonyeshe kidogo, mwanangu, apate usingizi." Nilishangaa kidogo, kwani aliyemzuia binti yangu mlangoni ndiye sasa aliyekuwa akiyaomba maziwa ya binti yangu. Zamani huo ulikuwa wema wa kawaida kati ya majirani. Nilikataa, na sababu ya kwanza ni kwamba mwenye mtoto alikuwa macho na hakuna aliyemuuliza. Nyingine ni virusi vya Ukimwi, ambavyo hupita katika maziwa, na kipimo changu cha mwisho kilikuwa cha kabla ya kujifungua. Kwa sisi Waislamu ipo ya tatu. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, manyonyesho matano kabla ya miaka miwili hufanya undugu wa kunyonya, na kwa Wahanafi na Wamaliki hata mara moja yatosha. Mtoto wake wa kiume, wangu wa kike, wangeweza kuharamishiana kuoana kwa ajili ya usingizi wa alasiri moja. Hata hivyo sidai kwamba jambo hilo ni baya kwa kila hali. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 unamtaja mnyonyeshaji mwenye afya njema miongoni mwa njia za kumlisha mtoto ambaye mama yake hawezi, na Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilianzisha benki ya maziwa ya mama mwaka 2019. Lakini huko kuna vipimo na ridhaa.

Nilichofanya ni kuomba mito miwili, nikamlaza mtoto ubavuni mwa mama yake ili asiguse mshono, nikamsogeza hadi akashika vizuri, kisha nikatoka nikamnyonyesha wangu sebuleni. Sikuhisi tena kwamba nimefukuzwa. Ningependa tu mzazi mwenyewe ndiye angeniambia nikae wapi, na angeniambia kwa simu kabla sijapanda daladala, kwa sababu wapo wanaotaka kumwona mwenzao akinyonyesha ili wajifunze, na wapo ambao siku hiyo hawataki kuona.

Walitualika tena baada ya arobaini. Asubuhi hiyo binti yangu aliamka na mafua, nikapiga simu kuahirisha. Mama mkwe ndiye aliyepokea, akacheka: arobaini si imeshapita, mlete tu, sasa hamna neno. Tulikaa nyumbani siku tisa.