Nani ashike daftari la besiboli ya ridhaa?

Kila msimu unapokaribia, mabishano yaleyale hurudi miongoni mwetu tunaofuatilia besiboli ya ridhaa: je, bado kuna haja ya tovuti zinazoendeshwa na mashabiki kwa kujitolea? Wapo wanaosema zama zake zimepita. Siku hizi zipo programu za simu ambazo mzazi aliyekaa kandokando ya uwanja anabonyeza kuandika mrusho mmoja baada ya mwingine, na ligi nyingi zina tovuti zao rasmi. Wengine wanasema tovuti za mashabiki ndizo ghala la pekee la historia ya mchezo huu, na zikizimwa hakuna wa kuirudisha. Mimi niko na hawa wa pili. Hata hivyo, hoja za wale wa kwanza zina uzito kuliko tulivyo tayari kukiri, na zinastahili kujibiwa kwa haki.

Besiboli iliandikwa tangu ikiwa changa. Henry Chadwick, mwanahabari aliyezaliwa Uingereza mwaka 1824 na kuhamia Marekani akiwa mtoto, ndiye aliyeeneza utaratibu wa kuufupisha mchezo mzima katika jedwali dogo la gazeti. Hata herufi K, tunayoiandika mpigaji anapotolewa kwa straiki tatu (mirusho mizuri aliyoshindwa kuipiga), ilianza kwake. Miaka zaidi ya mia baadaye, mwaka 1984, mchambuzi Bill James aliwaita mashabiki waandike michezo ya ligi kuu wao wenyewe, kwa sababu maelezo ya kila zamu ya mpigaji hayakuwa yakitolewa kwa umma. Wito huo ukazaa Project Scoresheet. Mwaka 1989 David Smith, profesa wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Delaware, akaanzisha Retrosheet, na tangu hapo watu wa kujitolea wamekuwa wakikusanya karatasi za alama za zamani, kuziingiza kwenye kompyuta na kumpa bure kila anayezitaka, kwa sharti la kutaja zilikotoka.

Watetezi wa tovuti zetu hupenda kuutaja mfano huo. Naupenda pia, ila una tofauti moja kubwa inayosahaulika. Retrosheet ilikuwa na pa kuchimba: klabu zilikuwa na karatasi kwenye makabati, waandishi walitunza madaftari yao, magazeti yalichapa majedwali kila siku. Mtu angeweza kuchelewa miaka thelathini na bado akaukuta mchezo umelala mahali fulani ukimsubiri. Ridhaa haina akiba hiyo. Karatasi ya alama ya mchezo wa Jumamosi hukunjwa na kutumbukizwa kwenye mfuko wa kofia za wapigaji, na msimu ukiisha mfuko husafishwa. Asipokuwapo mtu wa kuichukua karatasi hiyo wiki ileile, mchezo huo haupo tena.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni usahihi, na hapa wana haki nusu. Mpira unaviringika kuelekea kwa mlinzi aliye kati ya kituo cha pili na cha tatu, unamgonga glavu, unamtoka, mpigaji anafika salama kituo cha kwanza. Ni pigo halali au ni kosa la mlinzi? Sheria za mchezo zinampa mwandishi wa alama kipimo kimoja: je, mlinzi angemtoa mpigaji kwa juhudi za kawaida? Kipimo hicho kinahitaji jicho lisilo na upande. Mama wa mpigaji huona pigo, baba wa mrushaji huona kosa. Shabiki mwenye tovuti naye ana timu yake moyoni, hilo halifichiki. Lakini programu ya simu haiondoi tatizo hili, kwani anayeibonyeza ni yuleyule mama au baba, na tofauti ni kwamba jibu lake linatoka likiwa limepangwa vizuri kwenye kioo na linaonekana kama ukweli.

Anachokifanya mtu wa tovuti, na ambacho sijaona kikifanywa sana kwingine, ni kurudi nyumbani na kulilinganisha jedwali. Sheria inasema jumla ya zamu rasmi za kupiga (zisizohesabu hizi zinazofuata), vituo vya bure anavyopewa mpigaji kwa mirusho minne mibovu, wapigaji waliogongwa na mpira, mapigo ya kujitoa mhanga ili mwenzake asogee, na waliopewa kituo kwa kuzuiwa, lazima ilingane na jumla ya pointi za timu hiyo, wakimbiaji walioachwa vituoni na wachezaji wake waliotolewa. Chukua timu ngeni iliyopiga awamu zote saba, kila awamu ikiisha wachezaji watatu wanapotolewa: zamu rasmi 26, vituo vya bure 4, aliyegongwa 1, pigo la kujitoa mhanga 1. Hiyo ni 32. Upande wa pili: pointi 4, walioachwa vituoni 7, waliotolewa 21. Nayo ni 32. Jedwali limefunga.

Sasa tuseme upande wa kwanza umetoa 31. Kuna mpigaji amepotea. Wapigaji tisa hufuatana kwa mpangilio usiovunjwa, hivyo katika zamu 32 watano wa kwanza lazima wawe wamepiga mara nne na wanne wa mwisho mara tatu. Ukikuta mpigaji wa pili ana tatu huku wa tatu, wa nne na wa tano wana nne, umeshampata: pengine aliingizwa mchezaji wa akiba badala yake katika awamu ya tano na aliyeshika kalamu alikuwa akinywa maji. Unampigia mtu simu, unauliza, unarekebisha. Kazi hii hula usiku mzima na hakuna anayeiona. Kwangu ndiyo inayompa mtu haki ya kuiita tovuti yake kumbukumbu, na tovuti isiyoifanya sidhani ina sababu kubwa ya kuwapo, hata kama inaendeshwa kwa mapenzi makubwa kiasi gani.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba kujitolea kwetu kunazibebea ligi mzigo wao. Ligi inatoza ada za usajili, inalipa waamuzi, inanunua mipira, lakini matokeo na takwimu inamwachia shabiki kwa sababu inajua atazifanya bure. Baada ya miaka kadhaa, kocha anampigia simu yule shabiki saa nne usiku kumgombeza kwa nini matokeo ya jioni hayajapanda. Shukrani imegeuka kuwa madai. Kwa mtazamo huo, dawa ni shabiki kuacha ili ligi ilazimike kuajiri.

Nimeifikiria sana hoja hii, na bado siafikiani na tiba yake ingawa ugonjwa naujua. Ligi ikiachiwa daftari hulitunza kwa muda ambao lina faida kwake. Uongozi unabadilika, kampuni iliyotengeneza tovuti rasmi inabadilishwa, na kila kitu kinaanza upya pasipo hata kurasa za mwaka uliopita. Ligi hutazama msimu ujao kwa kuwa ndiyo kazi yake. Anayejali nani aliongoza kwa kupiga miaka kumi na miwili iliyopita ni shabiki, na mzee mmoja aliyekuwa akicheza wakati huo. Ila hili halimpi kocha ruhusa ya kumtuma shabiki kama mfanyakazi. Ligi inayotaka daftari litunzwe ina wajibu wa kuhakikisha kila timu inatuma picha ya karatasi ya alama baada ya mchezo. Hilo haligharimu chochote, na linampunguzia mtu wa tovuti nusu ya mateso.

Fedha? Gharama za seva na jina la tovuti zinaweza kuchangwa na wasomaji, na hapo sina neno. Kuchukua fedha kwa timu unazoziandika ni jambo jingine, na ningelikataa hata kama nia ni safi, kwa sababu lile swali la pigo au kosa litakuwa limepata mnunuzi.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko hayo yote, nalo ni kwamba tovuti nyingi za aina hii ni mtu mmoja. Nywila anazo yeye, anayelipia ni yeye, karatasi ziko chini ya kitanda chake. Akiugua, akioa, akihamia kazi ya zamu za usiku, msimu unakatika katikati. Tumeshaona hata makampuni makubwa yakifunga milango: Yahoo ilipoizima GeoCities, huduma ya kurasa za bure za watu binafsi, nchini Marekani mwaka 2009, kurasa za mashabiki wasiohesabika ziliondoka nayo, na zilizobaki zilibaki kwa sababu Internet Archive, shirika linalohifadhi kurasa za mtandaoni, na watu wengine wa kujitolea walikimbilia kuzinakili. Kwa hiyo ninapotetea tovuti ya shabiki, simtetei shabiki anayekumbatia kila kitu peke yake. Faili za takwimu ziwekwe wazi, mtu yeyote aweze kuzipakua zote kwa mkupuo na kuanzisha nakala yake kesho bila kuomba. Wapo wanaoona uchungu kwa hilo, kwamba jasho lao litachukuliwa na mwingine. Nauelewa uchungu huo. Lakini matokeo ya mchezo hayana mwenyewe: Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1991, katika kesi iliyohusu kitabu cha namba za simu, kwamba ukweli mtupu hauna hakimiliki hata kama umekusanywa kwa taabu.

Uhuru huo wa kisheria, hata hivyo, usitumike kila mahali. Ridhaa ina watu wazima wanaocheza baada ya kazi, na ina watoto. Mtoto wa miaka kumi na minne aliyefanya makosa matatu katika awamu moja hakuomba jambo hilo lifuatane na jina lake kila atakapotafutwa mtandaoni hadi uzeeni. Wenzangu wengine husema takwimu nusu si takwimu, na kwamba wazazi wenyewe ndio wanaoomba majina yaandikwe, hasa mtoto anapofanya vizuri. Ni kweli wanaomba. Wakati huohuo hawajui kwamba wiki ijayo mtoto huyohuyo atatolewa kwa straiki tatu mara nne mfululizo. Kwa watoto naona hadharani itoshe namba ya jezi na jina la timu, na jina kamili libaki katika daftari la ndani.

Daftari hilo la ndani lina kazi moja ambayo hakuna mwingine anayeifanya: kulinda mkono wa mrushaji kijana usiumie kwa kurusha kupita kiasi. Mwaka 1998, katika mashindano ya shule za sekondari ya Koshien nchini Japani, Daisuke Matsuzaka alirusha mirusho 250 katika mchezo mmoja wa awamu 17, siku moja baada ya kurusha mchezo mwingine mzima. Ulisifiwa kama ushujaa. Mwaka 2020 kila mrushaji wa shule za huko aliwekewa kikomo cha mirusho 500 kwa wiki. Little League, shirika la besiboli ya watoto la Marekani, ilianza kuhesabu mirusho mwaka 2007; mtoto wa miaka kumi na miwili haruhusiwi kuzidi 85 kwa siku, na akifikisha 66 anapumzika siku nne.

Sheria hizo husimamiwa timu kwa timu, na mrushaji hodari mara nyingi huwa na timu mbili. Jumamosi anarusha 60 kwa timu ya ligi, Jumapili 55 kwa timu ya mashindano ya kusafiri. Kila kocha akifungua karatasi yake anaona kijana yuko ndani ya kikomo. Wa programu ya simu anaona timu yake tu, na ligi inaona michezo ya ligi tu. Anayeandika zote mbili, kwa kuwa anaupenda mchezo wenyewe na hatumikii timu yoyote, ndiye anayeona mirusho 115 ndani ya siku mbili, na ndiye mwenye namba za simu za makocha wote wawili.